Nafasi ya Kumi na Moja

Maabara ile ya mbegu pale Nyeri ilikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa bila kukosa, na haikuwa imeandikwa popote: ikifika saa nne ya asubuhi, mwenye zamu anatoka kwenda kununua maandazi. Jumatatu Wasike, Jumanne Nkatha, Jumatano Wasike, Alhamisi Nkatha, na Ijumaa wanapiga kura kwa vijiti vya kiberiti. Daktari Kingori, mkubwa wao, alikuwa anakula mawili kila siku, tena yale makubwa, lakini zamu hakuwa nayo. Kwa miaka minne hakuna aliyethubutu kumpangia.

Wasike alitoka upande wa Bungoma, na kazi yake ilikuwa kusaga majani ya mpunga yaliyoletwa kutoka Wang'uru na kuyatia kwenye mashine zinazosoma urithi wa mmea. Nkatha alikuwa msichana wa Chogoria, miaka ishirini na minane, na kazi yake ilianzia pale ya Wasike ilipoishia. Mashine zikishasoma, zinatema herufi nne tu, A na C na G na T, maelfu kwa maelfu. Ukitaka kujua kwa nini mpunga wa mkulima mmoja unahimili ugonjwa na wa jirani yake unakauka, unazipanga herufi za huu chini ya herufi za ule, unaweka vistari palipo na pengo, halafu unatazama zinapotofautiana. Hiyo ndiyo kazi, na ukiifanya kwa macho utapofuka kabla ya Krismasi.

Shida haikuwa herufi, shida ilikuwa faili. Kila mashine ina majivuno yake. Moja inaandika mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, na vistari vyake. Nyingine haiandiki herufi hata moja, inahesabu tu: hamsini zimelingana, ruka tatu, kumi zimelingana. Ya tatu haianzi kazi mpaka ikupe kurasa mbili za utangulizi. Nkatha alichoka kuandika programu mpya kwa kila faili, akaketi, akafikiri, akaandika klasi ya msingi.

Klasi ya msingi ni kama mama wa nyumba yenye watoto wengi. Yale ambayo kila mtoto angelazimika kuyafanya, mama anayafanya mara moja kwa niaba ya wote: kufungua faili, kuhakikisha si tupu, kusoma utangulizi kama upo, kuchukua mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho, kisha kufunga. Kwenye kuandika ni vivyo hivyo, kichwa, kiwiliwili, mkia. Lakini kuna mahali pamoja ambapo mama hajui kitu. Ukimwambia, haya, soma mpangilio unaofuata, anakwama, kwa sababu hajui faili hii inaongea lugha gani. Hapo kila mtoto anajaza mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua faili yake. Na mtoto asipojaza, swali linapanda kwa mama, na mama hana jibu ila kulalamika kwenye skrini.

Sasa malalamiko hayo lazima mtu ayaandike. Watu wenye adabu huandika maneno makavu. Nkatha hakuwa mtu wa maneno makavu. Siku aliyofika kwenye mstari huo ilikuwa Jumanne, zamu yake, na mvua ya Julai ilikuwa inanyunya, ile ya Nyeri isiyokulowesha ila inakuingia kwenye mifupa. Akaandika haraka, akacheka peke yake, akavaa koti, akatoka.

Watoto alikuwa amewaza wanne. Watatu akawajaza vizuri. Wa nne alikuwa wa faili za makao makuu ya Nairobi, na alikuwa amempa jina tu na mwili mtupu wakati Daktari Kingori alipochungulia begani kwake.

"Hiyo ya nini?"

"Ni ya faili za Nairobi, Daktari."

"Achana nayo. Ati Nairobi! Nani anatumia hiyo kitu? Nitolee ripoti ya Wang'uru kwanza."

Akaachana nayo. Yule mtoto wa nne akabaki na jina lake tu, na kwenye malalamiko ya mama Nkatha akaongeza sentensi moja.

Basi wiki ya tatu ya Julai ikaja barua. Profesa Ndila, mkuu wa vituo vyote vya utafiti wa mbegu, alikuwa amesikia kwamba Nyeri wana programu inayosoma faili za kila aina. Angekuja Alhamisi kuiona. Ikimridhisha, itapelekwa vituo vyote nchini, na mwandishi wake ataajiriwa kwa kudumu kuitunza, na kupewa ofisi Nairobi. Barua ilisomwa mbele ya wote. Wasike alimkanyaga Nkatha mguu chini ya meza kwa furaha, akamkanyaga kwelikweli, na Nkatha hakusikia maumivu. Mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe thelathini na moja ya mwezi huohuo. Mwaka mzima alikuwa analala na tarehe hiyo na kuamka nayo.

Daktari Kingori aliikunja barua taratibu, akaitia mfukoni. Kisha akasema, kwa sauti laini asiyokuwa nayo siku zote, "Nkatha, hebu niwekee hiyo programu kwa laptopu yangu. Nataka kuipitia kidogo."

Kumbe kuipitia kwenyewe ndiko huko! Jumanne, Nkatha alirudi na maandazi yakiwa bado ya moto, akasikia anaitwa kutoka ofisi ya ndani.

"Nkatha! Hebu kuja uone. Hii kitu imekataa kutoka."

Akaingia. Kwenye skrini ya mkubwa kulikuwa na kisanduku kidogo, na kisanduku kimesema: *"Nkatha" imekuwa "Kingori". Nafasi kumi na moja zimebadilishwa.* Chini yake kitufe cha Sawa.

Nkatha alisoma mara moja, akasoma tena. Masikio yakamwaka moto. Mtu amekuibia jina, kisha amekuita umsaidie kulibeba! Na Daktari hata hakuona haya. Labda alidhani msichana hasomi haraka, au alidhani hata akisoma atafanya nini.

"Unabonyeza hapo, Daktari. Kwa Sawa."

"Bonyeza wewe, mimi hizi vitu ndogo ndogo zinanisumbua."

Akabonyeza. Kwa kidole chake mwenyewe, jamani. Akamwachia maandazi mawili mezani akatoka, na alipofika kwenye meza ya Wasike machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Ameweka jina lake," alisema. "Kila mahali."

Wasike aliweka kinu chini. "Si uko na kopi yako nyumbani?"

"Ninayo. Na atasema alinipa nimchapie. Mimi mtu wa mkataba, yeye daktari. Nani ataniamini?"

Wasike akamsogezea kiti.

Jioni Nkatha alikuwa anapanda kilima cha Ruring'u kwa miguu, amekasirika, anahesabu. Alikuwa anahesabu kwa sababu ya uchungu tu, kama mtu anayehesabu mashuka aliyoibiwa kwenye kamba. Programu ina mafaili kumi. Juu ya kila faili kuna mstari mmoja unaotaja aliyeandika. Kumi. Lakini kisanduku kilisema kumi na moja. Akahesabu tena. Kumi. Sasa ya kumi na moja ni gani?

Akasimama katikati ya njia.

Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ua wa watu, na mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akamwuliza, "Wee, uko sawa kweli?" Nkatha akasema yuko sawa, akanunua ndizi ambazo hakuzihitaji, akaendelea kucheka mpaka nyumbani.

Lakini msimdhanie vibaya. Nkatha alilelewa na mama wa ushirika wa kanisa, na dhamiri yake ilikuwa inafanya kazi, hata kama ilikuwa inachelewa kidogo. Jumatano asubuhi alibisha mlango wa ofisi ya ndani.

"Daktari, kuhusu kesho. Yule mtoto wa nne, wa faili za Nairobi, hajajazwa. Profesa akija na faili yake itakwama. Nikipewa nusu saa tu nina..."

Daktari Kingori hakuinua hata macho. Alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba. "Nkatha. Kwani unataka kunifundisha programu yangu?"

Programu yangu! Nkatha alikuwa na neno la pili tayari, la kumwonya juu ya ile nafasi ya kumi na moja. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza pamoja na mate.

"Hapana, Daktari," akasema kwa heshima zote. "Ni yako."

Alhamisi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani. Profesa Ndila aliingia saa tatu, mama mfupi wa Kikamba, sweta mbili na buti za shamba, akashika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili bila kukinywa, kwa ajili ya joto tu. Daktari Kingori alikuwa amevaa suti ya harusi. Laptopu yake iliunganishwa na projekta, na ukuta mzima ukawa skrini. Nkatha na Wasike waliwekwa nyuma, karibu na friji ya sampuli.

"Hii programu, Profesa, nimeiandika mwenyewe," alianza Daktari. "Kila mstari. Mchana na usiku. Hawa watoto wamenisaidia tu hapa na pale, kuosha vifaa, kuchapa."

Wasike alimtazama Nkatha. Nkatha alikuwa anautazama ukuta.

Akafungua faili ya kwanza, ikasomeka. Ya pili, ikasomeka. Ya tatu ikapita kurasa zake mbili za utangulizi kama mchezo, ikapanga mpunga wa Wang'uru mstari kwa mstari. Profesa Ndila akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Kazi safi. Na hii klasi ya msingi, Daktari, inafanya nini hasa?"

"Hiyo?" Daktari akakohoa. "Hiyo ni msingi, Profesa. Bila msingi, unajua vile nyumba inaanguka."

"Najua vile nyumba inaanguka," alisema Profesa. Akaweka kikombe chini, akatia mkono kwenye mfuko wa sweta ya ndani, akatoa flashi. "Nimebeba faili yetu ya Nairobi. Hebu tuione."

Nkatha alishika mpini wa friji. Akajiambia, kama kuna haki duniani ionekane sasa, na kama haipo basi mimi narudi Chogoria kuchuma chai.

Daktari akaingiza flashi. Programu ikalitambua jina la faili, ikamwita yule mtoto wa nne. Mtoto akawa mtupu. Swali likapanda kwa mama. Na mama, kwa herufi kubwa nyeupe, ukuta mzima, akajibu:

*Samahani. Kingori hajaandika sehemu hii. Mkubwa wake alimwambia aachane nayo. Mwenyewe ameenda kununua maandazi ya saa nne. Wasike akiuliza, sema hujamwona.*

Wasike alitoa mlio mdogo wa puani, akageuka ukutani, mabega yakitikisika.

Profesa Ndila alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. "Daktari, hii ni nini?"

Sasa mwungwana angekiri hapo, yakaisha. Lakini Daktari Kingori alikuwa ameshapanda mti na hakuona namna ya kushuka ila kupanda zaidi. Akacheka. "Aa, hiyo! Hiyo ni mzaha wangu, Profesa. Mimi napenda mzaha nikiwa nafanya kazi."

"Mzaha mzuri," alisema Profesa, na kweli alikuwa anatabasamu. "Lakini sijaelewa kidogo. Huyu mkubwa wako aliyekuambia uachane na faili za Nairobi ni nani? Si wewe ndiye mkubwa hapa?"

"Ni... mkubwa wa zamani."

"Wewe si uko hapa tangu kituo kifunguliwe?"

Daktari akapangusa paji la uso. Katika baridi ile, mtu anatoa jasho! Profesa akageuka nyuma. "Wasike ni nani?"

"Ni mimi, Madam." Wasike alikuwa amejikaza, uso mkavu kabisa.

"Daktari akienda kununua maandazi, huwa unamtafuta?"

Swali lilikuwa rahisi, na Wasike alilijibu kwa unyofu wa mtu aliyeapishwa. "Madam, kusema ukweli wa Mungu, Daktari hajawahi kununua maandazi. Tangu nije hapa, miaka minne. Kula, anakula."

"Nimewahi!" alisema Daktari. "Wasike, usiseme uongo mbele ya wageni. Nimenunua mara nyingi."

"Wapi?" aliuliza Profesa.

"Si hapo... hapo kwa kantini."

"Kantini ilifungwa mwaka juzi, Daktari," alisema Wasike kwa upole. "Siku hizi tunanunua kwa Mama Kabura."

Profesa Ndila hakucheka. Alivuta kiti kilichokuwa mbele ya laptopu, akakigeuza kumwelekea Daktari Kingori. "Tusibishane juu ya maandazi. Tuseme ni mzaha. Hapa kuna sehemu haijajazwa, na aliyeandika hizo tatu anaweza kuandika ya nne. Mimi nina chai, sina haraka. Karibu."

Daktari akaketi. Ukurasa ukafunguka mbele yake na mbele ya wote, ukutani: jina la mtoto wa nne, na chini yake utupu. Kile kijistari cha kuonyesha mahali pa kuandika kikawa kinawaka na kuzima. Daktari akabonyeza kitufe kimoja. Herufi moja ikatokea. Akaifuta. Akasogeza kiti. Akarekebisha tai. Nkatha, ambaye siku mbili nzima alikuwa ameiota dakika hii na kuilamba kama asali, alijikuta anamwonea huruma, na akakasirika kwa kumwonea huruma.

"Hii..." Daktari alisema mwishowe, bila kugeuka. "Hii ni kazi ya Nkatha."

"Gani?" aliuliza Profesa. "Hii peke yake?"

Friji ikanguruma. Nje mtu alipita na mkokoteni.

"Yote," alisema Daktari Kingori.

Nkatha hakukumbuka alivyotembea mpaka kwenye kile kiti. Alikumbuka tu kwamba kilikuwa bado na joto la mtu. Akamweleza Profesa huku anaandika: mama anafanya haya, mimi nabakiza hili tu, faili yenu inahesabu kutoka sifuri na zile nyingine zinahesabu kutoka moja, kwa hiyo hapa naongeza moja. Profesa alikuwa ameinama begani kwake, anauliza, anajibiwa, wamewasahau wengine wote.

Ni Wasike aliyetazama saa. "Samahani, watu wangu. Saa nne imefika, na mwenye zamu ameshikwa na kazi."

Hakumtaja mtu. Akatazama tu. Profesa naye akatazama. Daktari Kingori alisimama na suti yake ya harusi, akachukua mwavuli mdogo wa Nkatha uliokuwa nyuma ya mlango, akatoka kwenye manyunyu. Baada ya dakika moja mlango ukafunguka tena kidogo.

"Wasike," sauti ikasema, chini sana. "Kwa Mama Kabura ni wapi?"

"Ukitoka geti, kushoto, kibanda cha kijani. Mwambie ni ya maabara, anatujua. Leo ni kumi, kwa sababu ya mgeni."

Mpunga wa Nairobi ulipangika ukutani saa nne na dakika ishirini na tano, herufi chini ya herufi, bila lalamiko. Profesa Ndila alipiga kofi moja kubwa, akatoa daftari. "Jina lako kamili, mama. Nataka kuliandika vizuri."

Nkatha akamtajia, la ubatizo, la kwake na la babake.

"Na hayo majina mengine huko juu ya mafaili," alisema Profesa, "yarudishe kabla sijaondoka."

Nkatha akafungua kile kisanduku. Hakuchagua kubadilisha zote kwa mpigo. Alikwenda moja moja: badilisha, badilisha, badilisha. Alipofika ndani ya klasi ya msingi, kwenye ule mstari wa maandazi, kidole kikasimama hewani. Wasike alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma.

Mlango ukafunguka. Daktari Kingori aliingia, mabega yamelowa, mfuko wa maandazi ameukumbatia kifuani usiingie maji.

Nkatha akabonyeza *Ruka*.

*"Kingori" imekuwa "Nkatha",* kilisema kisanduku. *Nafasi kumi zimebadilishwa.*

"Sawa," alisema Nkatha, akabonyeza.